Figo za Beki wa Kushoto

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa bado najiuliza kwa nini watu humpa saa mtu ambaye ndiyo kwanza ameacha kuwahi popote. Wakati keki inakatwa, mmoja wenu alinisogelea akaniuliza, "Mama, ulijifunzia wapi kumhoji mgonjwa kama polisi kabla ya kumpa vidonge?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa naangalia kipande changu cha keki. Jibu refu ni hili.

Nilipangiwa Dodoma katika miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipoachiwa huru. Nilishuka kwenye treni asubuhi nikiwa na shahada mpya, sanduku la bati na maswali mengi kuliko nguo. Kila kitu mjini kilikuwa kinafunguliwa. Mtu aliyekuwa akinyoa nywele Ijumaa, Jumatatu alikuwa na duka la dawa baridi, kioo kilekile ukutani na kiti kilekile, ila sasa kwenye kiti hicho watu walikaa wakichomwa sindano. Dawa zilizokuwa zikisubiriwa miezi mingi kutoka bohari zilianza kuonekana kwenye vibanda, zimepangwa pamoja na sabuni na betri za redio. Wananchi walifurahi, na sikuwa na sababu ya kuwanunia. Mimi niliuliza tu: nani anajua zinavyofanya kazi? Swali hilo halikunipatia marafiki.

Chuoni mradi wangu wa mwisho ulihusu namna dawa zinavyoharibu seli za figo. Nilikuwa nimekaa na panya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilijua figo zao kuliko nilivyojua majina ya majirani zangu. Kwa hiyo nilipofika hospitalini, mahali ambapo sitapataja, niliamini kwamba nimekuja kuleta sayansi. Siku ya kwanza sayansi ilinikuta nikifagia popo waliokufa kwenye stoo ya dawa.

Aliyenikabidhi ufagio ni Mzee Feruzi, msaidizi wa famasi, mtu wa mjini hasa. Babu wa babu yake alipita hapa na misafara ya biashara akielekea bara, akabaki. Nilimuuliza kwa nini alibaki. "Kiatu kilikatika," alisema, "na fundi aliyekuwapo alikuwa na binti." Mzee Feruzi alikuwa na mapenzi makubwa mawili, kazi na chai, na sikupata kujua lipi lilitangulia.

Alinifundisha kutumia trei ya vidonge na kisu chake butu, kusukuma vidonge bila kuvigusa kwa vidole. Alinifundisha kunusa chupa kabla ya kuamini kibandiko. Na alinifundisha kuuliza. Mimi nilikuwa nauliza kama karani wa sensa: "Unatumia dawa gani nyingine?" Mgonjwa anajibu, "Situmii," kisha anaondoka na mfuko mzima wa dawa kwenye kikapu.

"Binti, hawakudanganyi," Mzee Feruzi aliniambia. "Kwake yeye dawa ni ile ya hospitali. Muulize nani mwingine anamsaidia. Hapo atakutajia ukoo wote."

Nikaanza kuuliza hivyo. Ni kweli, wakaanza kutaja.

Sasa nije kwenye kesi iliyonifanya niwe hivi nilivyo.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule ambapo upepo wa Dodoma unakausha midomo kabla hujamaliza sentensi. Asubuhi moja vijana walileta mgonjwa kwenye mkokoteni, bado amevaa jezi na soksi za mpira. Jina lake Yusto Chipanha, fundi baiskeli, Mgogo wa vijiji vya jirani aliyehamia mtaa wa Makole, na beki wa kushoto wa timu ya mtaa iitwayo Vumbi Stars. Jana yake walikuwa wamecheza kijiji cha Zuzu, dhidi ya timu ya huko inayoitwa Mshale. Alianguka baada ya kipenga cha mwisho, akatapika usiku kucha, na tangu hapo alikuwa amekojoa kijiko tu, cheusi kama soda ya kola.

"Mbukwa, dada," alinisalimu kwa Kigogo, sauti imekauka kama jani la mhindi.

"Mbukwa. Yusto, nani mwingine anakusaidia?"

Alifikiri. "Mungu," akasema. "Na katibu."

Katibu alikuwa amesimama pale pale nyuma ya mkokoteni. Bwana Shebe, mfanyabiashara wa Makole, kofia safi ya mkono, tumbo lenye hadhi. Alikuwa katibu wa timu, mwenyekiti wa kile wanachokiita kamati ya ufundi, na mmiliki wa duka jipya la dawa. Kama hamjui kamati ya ufundi ya timu inafanya nini, mshukuruni Mungu. Haihusiki na ufundi wa mpira. Kazi yake ni kuhakikisha wapinzani hawakurogi, na ikiwezekana uwatangulie.

"Bwana Shebe, shikamoo. Umemsaidia nini?"

"Marahaba. Goti tu. Goti lilikuwa linamsumbua wiki nzima, nikawa nampiga sindano ya nguvu."

"Nguvu gani?"

Akatoa mfukoni kichupa kitupu. Diklofenaki, dawa ya maumivu. Alikuwa amemchoma asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na siku ya mechi akaongeza moja kabla ya mchezo na moja wakati wa mapumziko, kwa sababu, alivyoeleza, kipindi cha pili huwa kirefu.

"Na maji? Alikunywa maji kiasi gani?"

Hapo vijana wote wakaangalia chini. Bwana Shebe akanivuta pembeni kama mtu anayetaka kunieleza siri ya serikali.

"Dada, wewe umesoma, lakini mpira hujui. Timu ikienda ugenini haiwezi kunywa maji ya ugenini. Yanaweza kuwa yametengenezwa. Na haiwezi kukojoa ugenini."

"Kwa nini isikojoe?"

"Mkojo wako wakiupata, wamekupata wewe. Sasa kama huwezi kukojoa, ya nini kunywa? Tulifika Zuzu siku moja kabla ya mechi. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyekojoa. Nidhamu ya hali ya juu."

"Matokeo?"

"Tulifungwa nne," alisema. "Lakini bila mbinu zetu zingekuwa nane."

Nataka mwelewe kilichokuwa kinatokea ndani ya Yusto, maana hapa ndipo mimi nilipoacha kucheka. Kila kichujio kidogo cha figo kina kishipa kinacholeta damu na kingine kinachoiondoa. Mwili ukiishiwa maji, hubana mishipa kila mahali ili presha isianguke. Figo hujitetea. Inatengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hulegeza kile kishipa cha kuingilia, damu iendelee kupita. Sasa kemikali hizohizo, kwenye goti lililoumia, ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu. Diklofenaki inakizuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Haichagui. Haina habari kwamba Bwana Shebe alikusudia goti. Mtu aliyekunywa maji vizuri mara nyingi hatapata shida, kwa kuwa figo yake haikuwa inazitegemea kemikali hizo siku hiyo. Mtu aliyekauka, ukimchoma sindano ile, umefunga mlango aliokuwa ameushikilia kwa mguu.

Na madhara hayaishii hapo. Seli za mirija ya figo hufanya kazi ngumu, zikirudisha chumvi na sukari mwilini, na hula oksijeni kwa pupa. Damu ikipungua zinaishiwa nishati, zinalegea kwenye kuta, zinabanduka na kuziba mirija yenyewe. Nilichukua kile kijiko cha mkojo mweusi nikakimbilia maabara. Hadubini yetu ilitumia kioo kidogo na jua la dirishani, na jua ndicho kitu pekee ambacho Dodoma hakijapata kuadimika. Niliviona: vipande vya kahawia vyenye umbo la bomba, kama udongo uliokaukia ndani ya mrija. Ni seli zenyewe, zimekufa zimeshikamana. Nilikuwa nimeviona kwa panya. Kwa mtu aliyenisalimu dakika chache kabla, ilikuwa mara ya kwanza.

Nilirudi wodini nikamkuta Dk. Massawe ameshaandika jentamaisini, sindano ya kuua bakteria. Alikuwa daktari mzuri mwenye wodi tatu, na kalamu yake ilizoea njia.

"Ana joto," alisema.

"Ana joto kwa sababu amekauka, daktari. Slaidi ya malaria haina kitu, kifua ni safi. Hiyo jentamaisini itammaliza."

"Itammaliza vipi? Tunaitumia kila siku."

Nikamweleza kwamba seli za mirija zina vipokezi usoni, kazi yake kuokota protini zinazotaka kupotea na mkojo. Vipokezi hivyo huiokota jentamaisini kwa kudhani ni mali ya nyumbani. Inaingizwa ndani, inatiwa kwenye vifuko ambavyo seli hutumia kumeng'enya taka, na humo inazuia mafuta ya utando yasimeng'enywe. Yanarundikana tabaka juu ya tabaka mpaka kifuko kinapasuka, na kilichomo kinaichoma seli kwa ndani. Seli nzima inaweza kuvumilia kidogo. Za Yusto zilikuwa zimeshabanduka nusu.

Dk. Massawe alinitazama. "Wewe ni mfamasia au wakili wa figo?"

"Leo ni wakili."

Alikata dawa ile kwa mstari mmoja, akaandika dripu, akaondoka akisema kwamba panya wangu walinipotosha. Nilikubali matusi yale kwa moyo mweupe.

Lengo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Tumrudishie maji, tusimpe dawa yoyote ya kuumiza figo, tungojee seli mpya ziote. Huwa zinaota, hilo ndilo zuri la figo. Zisipoota kwa wakati, ilibidi apelekwe Dar es Salaam kwenye mashine ya kuchuja damu, kama ingepatikana, kwa treni, akiwa katika hali ile. Mke wake alipolisikia jina la Dar alivua kanga ya kichwani akajifunika uso. Sikumwambia asilie. Na mimi nilikuwa na wasiwasi kama wake.

Akaingia muuguzi wa zamu, Sista Ester, mwanamke mrefu mcheshi, na kikombe cha maji.

"Kunywa, kaka, polepole."

Yusto alimwangalia. "Sista, kwenu wapi?"

"Zuzu."

Mdomo wa Yusto ulifungwa kama duka siku ya msiba.

"Yusto, ni maji ya bomba la hospitali," nilisema.

Akatikisa kichwa, midomo ameikaza. Bwana Shebe, ambaye hakuwa ameondoka, alimpigia saluti ya nidhamu.

"Na hiyo chupa?" Shebe aliuliza, akinyooshea kidole dripu. "Imetoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

Nilisoma kibandiko kwa sauti. Kamati ya ufundi ikajadiliana kwa kunong'ona, beki wa kati akiwamo. Shebe akarudi na uamuzi. "Ulaya sawa. Ulaya hawatujui."

Kwa hiyo Yusto alitundikiwa maji ya Ulaya. Tatizo, chupa za Ulaya zilikuwa chache, na wodi ilikuwa na watoto wa kuharisha. Kesho yake zilikwisha. Sasa ilibidi anywe kwa mdomo, na ule mdomo ulikuwa chini ya mamlaka ya kamati.

Nilijaribu sayansi. Niliketi kitandani kwa Yusto nikamchorea figo, mirija, vishipa, mlango unaofungwa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akaniuliza swali moja zuri sana: kama figo inajua kutengeneza dawa yake yenyewe, kwa nini haijui kujikinga na ya Shebe? Hata leo swali hilo linanikunisha kichwa. Kisha Sista Ester akaleta uji, naye akafunga mdomo.

Nikamwendea Bwana Shebe. "Tufanye hivi. Leta maji yenu wenyewe kutoka Makole. Mlinde wenyewe. Mumnyweshe wenyewe. Ila yawe maji matupu, yaliyochemshwa."

"Matupu kabisa?"

"Matupu."

"Hata mzizi mmoja wa kuchangamsha?"

"Bwana Shebe, figo zake hazina uwezo wa kushughulikia hata jani moja geni. Mzizi nao ni dawa. Na ukija na sindano, nitaita mlinzi."

Aliumia, nikamwona. Lakini alikuwa anampenda Yusto kwa dhati, hilo nalo nililiona. Jioni hiyo dumu la maji liliingia wodini likisindikizwa na wachezaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kama sanduku la kura. Mimi nilinusa, Shebe akaonja, Yusto akanywa. Tangu hapo mambo yakaenda kwa utaratibu. Asubuhi dumu la maji na chupa kubwa ya chai yenye uji wa mke wake, mchana vivyo hivyo, jioni tena. Shebe mwenyewe ndiye aliyebeba ile chupa ya chai, kuja nayo na kuondoka nayo. Nilimsifu kwa kujituma. Nilimsifu kwa maneno yangu mwenyewe, mbele ya watu.

Sista Ester alikuwa anaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka. Kinachoingia kilipendeza. Kinachotoka kilikuwa hakuna. Kila alipoinua jagi la kupimia mkojo chini ya kitanda, lilikuwa kavu.

"Yusto, hujakojoa?"

"Haijatoka, sista."

"Hata kidogo?"

"Haijatoka."

Dk. Massawe alikuja, akaangalia jagi, akaniangalia mimi. Safari hii hakunitania. "Maji yanaingia, hayatoki. Nikiendelea hivi nitamzamisha mapafu. Simamisheni maji yote. Kesho jioni anapanda treni."

Kwa hesabu iliyokuwapo, alikuwa sahihi kabisa. Ndilo lililonisumbua. Nilibonyeza miguu ya Yusto kwa kidole gumba, hakukuwa na shimo. Uso haukuvimba. Kifua kilikuwa kikavu. Niliazima mizani ya jikoni, ile ya kupimia magunia ya unga, tukamsimamisha juu yake, mpishi akilalamika. Hakuwa amezidi uzito ambao timu ilimwandikia mwanzo wa msimu. Tena alikuwa ameanza kula, na alikuwa amemtania mke wake kuhusu mapishi. Mtu ambaye figo zimekufa hana hamu ya kutania mapishi.

Maji hayapotei. Nilifundishwa hivyo shule ya msingi kabla ya kufundishwa chochote kingine. Yalikuwa yanatoka mahali, na mimi sikujua wapi. Lakini dhana haimzuii mtu kupandishwa treni. Na ubaya wenyewe ulikuwa huu: figo inayopona mara nyingi humwaga mkojo mwingi sana, kwa kuwa seli mpya bado ni changa na hazijajifunza kubana maji. Mtu wa namna hiyo ukimkatia maji, unamkausha tena, unamrudisha kule kule alikotoka. Kama Yusto alikuwa anakojoa na sisi hatujui, basi tiba ya daktari ndiyo ingemuua, njiani, kati ya stesheni moja na nyingine.

Nilimhoji tena. "Haijatoka." Nilimhoji mkewe, akaangalia dirisha. Nilikagua chini ya dirisha: vumbi tupu, halijatiwa unyevu tangu mvua za mwaka uliopita. Nilikagua choo cha wodi, sikuwa na cha kuona ila choo.

Siku ya treni, saa ya kuona wagonjwa mchana, nilipanda wodini kumuaga Yusto. Mzee Feruzi alifuatana nami. Alisema anakwenda kumjulia hali mgonjwa, lakini mkaa wa famasi ulikuwa umekwisha na alikuwa hajapata chai tangu asubuhi. Tulimkuta Bwana Shebe anainuka kuondoka, chupa ya chai mkononi. Nyuma yake wale wachezaji wawili.

"Shebe, ndugu yangu," Mzee Feruzi alisema, macho yakiwa kwenye chupa. "Humo hamna tone?"

"Imekwisha, mzee."

Mzee Feruzi aliichukua ile chupa kwa upole, kama anavyochukua dawa asiyoiamini, akaipima uzito. "Imekwisha na nzito hivi?"

"Hiyo ni... ina wenyewe."

"Na sisi ni wenyewe wa nani?" Alikuwa ameshakamata kikombe cha mgonjwa wa kitanda cha jirani. Akafungua. Akamimina. Ikatoka vuguvugu, rangi nzuri, kama chai ya rangi isiyokolea. Akasema bismillahi.

"Mzee, usinywe!"

Walipiga kelele wote kwa pamoja: Shebe, wachezaji, mke. Na Yusto, aliyekuwa amelala chali akisubiri kubebwa hadi stesheni, aliruka kitandani akamkamata Mzee Feruzi mkono kwa kasi ambayo naambiwa hajapata kuionyesha uwanjani.

Mzee Feruzi alinusa kikombe. Alikuwa amenusa dawa miaka mingi na hakuhitaji kurudia. Akakiweka mezani taratibu.

"Binti," akaniambia, "mgonjwa wako anakojoa."

Nilimgeukia Shebe. Alikuwa anatoka jasho.

"Dada, ungefanyaje? Jagi linachukuliwa na nani? Na mtu wa Zuzu! Anaupima, anauangalia, anaupeleka tusikokujua. Sisi tumefungwa nne, unataka tuwape na mkojo?"

"Unaupeleka wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya nyumba. Mahali salama."

"Kila siku?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Jana ilibidi nirudi mara mbili, imejaa." Kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Dada, huyu mtu anakojoa sana. Nimechoka."

Sijapata kusikia habari njema iliyotolewa kwa manung'uniko kama yale. Nilikaa kitandani kwa Yusto nikacheka mpaka mke wake naye akaanza, halafu akalia, halafu akacheka tena. Sista Ester alikuja mbio na jagi. Tulimimina chupa nzima humo. Likajaa, bado ikabaki. Mkojo ulikuwa mwepesi, rangi yake ya kawaida kabisa.

Nilitaka sampuli. Kamati ikakataa. Nikasema bila hadubini daktari hataniamini, na treni itaondoka na beki wao wa kushoto. Tukafikia makubaliano: nichukue kidogo, mbele ya macho yao, na kikirudi kirudi chote. Basi nilitembea kwenye ukumbi wa hospitali nikiwa nimeshika kijichupa cha mkojo, wachezaji wawili wa Vumbi Stars pembeni yangu, na wagonjwa wakitupisha njia. Chini ya hadubini, vile vipande vya matope vilikuwa vimebaki vichache, vilivyochakaa, vinasombwa. Mirija ilikuwa inajisafisha. Seli mpya zilikuwa kazini. Mmoja wa wale wachezaji aliomba achungulie, akachungulia kwa muda mrefu, akaniuliza kama hao ni wachezaji wetu au wao. Nilimwambia hao ni maiti, wetu wako ukutani.

Dk. Massawe aliliangalia jagi lililojaa. Akamsikiliza Yusto mapafu. Akaifuta safari, akaandika anyweshwe maji kadiri anavyokojoa, na akaongeza kwa mwandiko wake mbaya: mkojo upimwe na mfamasia, ambaye kwao si Zuzu. Mimi kwetu Morogoro, na kamati iliona Morogoro haina tatizo.

Wenzangu vijana, ninyi leo mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota, na sina wivu navyo, au ninao kidogo. Lakini kipimo kitawaambia figo imeumia. Hakiwezi kuwaambia kwamba mtu alikaa na kiu makusudi kwa siku mbili kwa sababu anaowaamini walimwambia hivyo, wala kwamba karatasi ya maji inasema uongo kwa sababu nzuri kabisa. Nilifika Dodoma nikiwa simwamini mtu yeyote. Yusto alinifundisha nisiliamini hata jagi tupu.

Bwana Shebe hakuacha kuuza sindano, na tuligombana kwa miaka. Ila aliweka mtungi mlangoni pa duka lake, na hakuna aliyechomwa chochote kabla ya kumaliza kata moja ya maji mbele yake. Nikamwambia bado haitoshi. Akaniambia wateja wameongezeka, maana wameona duka lenye masharti ndilo lenye dawa kali.

Yusto alitoka hospitalini kwa miguu yake, na kabla ya mvua kuanza alikuwa anakaza spoku za baiskeli. Nilimpima mara kwa mara, figo zikawa salama. Alipotuuliza kama anaweza kurudi uwanjani, mimi na daktari tulitazamana, tukasema anaweza, mradi anywe maji na asiguse sindano ya goti. Sista Ester alikuwa anatandika kitanda chake. Alingoja mpaka kamati yote imeshuka ngazi ndipo akafumua kicheko alichokuwa amekibana kwa muda wote ule.

"Dada, hawa watu wamenidharau," aliniambia, akikung'uta mto. "Eti nimroge yule! Mabao yote manne yalipita kwake. Sisi Zuzu tulikuwa tunamwombea apone."